Msimamizi wa Foleni ya Maungamo

Siku ya maungamo Mwalimu Cornel alikuwa haambiliki. Anaamka kabla jogoo hajamaliza, anavaa koti lake la kahawia, anabeba kiti cha padre kichwani mwenyewe, kutoka sakristia mpaka nje nyuma ya kanisa, chini ya ukingo wa paa, upande ule ambao upepo wa huku Nambis hauchomi sana. Mbele ya kiti anaweka kibao cha kupigia magoti, na juu ya kibao anatandika gunia lililokunjwa mara nne kwa ajili ya bibi zetu wenye magoti mabovu. Halafu anaanza kupanga watu. Wazee mbele. Wajawazito na wenye watoto mgongoni wanafuata. Vijana wa kwaya mwisho kabisa, maana dhambi zao, anasema, bado mbichi na zinaweza kusubiri. Watu wanacheka, na wanakwaya wenyewe wanacheka.

Alikuwa katekista wa kigango hicho, tawi dogo la parokia, kwa miaka ishirini na sita. Padre anatoka parokiani mara moja kwa mwezi kama barabara inapitika. Jumapili zilizobaki ni Cornel anayeongoza ibada, anayesoma, anayehubiri, anayezika, anayewafundisha watoto wa komunyo na watu wazima wa ubatizo. Ndiyo maana wote walimwita Mwalimu. Hata mkewe, Mectilda, alimwita Mwalimu. Zamani alikuwa akimwita Baba Ernestina, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, lakini tangu Ernestina aondoke nyumbani mama huyo alibadilisha, na Cornel, masikini, alidhani ni heshima.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana ndilo lililoleta haya yote. Mwalimu Cornel alikuwa hajaungama kwa miaka tisa.

Usimrukie. Hakukaa chini siku moja akaamua. Kwaresima ya kwanza ya miaka hiyo alipanga watu wake vizuri, akajiweka wa mwisho kama inavyompasa mwenye nyumba, na zamu yake ilipofika, paroko wa wakati ule akatazama saa, akatazama mawingu, akasema, "Mwalimu, wewe si tutaonana parokiani?" Cornel akasema ndiyo, padre. Akasikia kifua chake kinashuka, kwa raha. Parokiani hakwenda. Mwaka wa pili hakusimama hata mwisho. Watu walipoisha alikunja gunia, akabeba kiti. Mwaka wa tatu hakukumbuka kwamba kuna kitu amekisahau. Na kila mwaka katika miaka hiyo hiyo aliwasimamisha watoto darasani akawauliza, "Mkristo aungame mara ngapi?" Nao wakaitika, "Walau mara moja kwa mwaka!" Naye akasema, "Sisikii!" Wakapiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka. Jamani, yeye mwenyewe hakusikia.

Kaa ujue pia kwamba hakuwa mnafiki. Alisali asubuhi na jioni, alifunga, alikwenda kwa wagonjwa na matope mpaka magotini. Ni kwamba alikuwa amezoea. Maneno ya sala yalimtoka mdomoni yenyewe, huku yeye anawaza magugu ya maharage.

Aliyeharibu mambo ni Mzee Hhando.

Mzee huyu alikuwa na miaka sabini na sita, mfugaji, mtu wa ng'ombe tangu anazaliwa. Alikaa miaka minne katika darasa la ubatizo wakati wenzake wanakaa miwili, si kwa sababu hakuelewa, ila kwa sababu hakupitisha neno bila kulikagua, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani na kumfungua mdomo kumhesabu meno. "Mwalimu, unasema Mungu anasamehe yote. Yote, yote? Hata ya kabla ya uhuru?" Namna hiyo. Pasaka iliyopita akabatizwa jina la Joakimu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo ila padre. Na kwa kuwa ubatizo ulikuwa umeosha yote ya nyuma, Kwaresima hii ingekuwa mara yake ya kwanza kuungama.

Jumanne kabla ya siku ya maungamo alipanda kilima mpaka nyumbani kwa Cornel, akiegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee," Cornel akasema, akamvutia kigoda.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kufanya mazoezi. Mwaka mmoja tu, lakini nimejaza. Nifundishe tena unavyoanza."

Cornel akamfundisha. Unapiga magoti, unafanya ishara ya msalaba, unaomba baraka, unasema tangu ulipoungama mara ya mwisho ni muda gani, halafu unataja dhambi zako bila kuzipamba. Aliyatoa yote kwa pumzi moja, huku anachambua mbegu kwenye ungo.

Mzee Hhando akatikisa kichwa. "Hayo ni ya darasani. Nakuuliza wewe mwenyewe unaanzaje. Wewe Cornel."

"Mzee wangu, mambo ya maungamo ni siri."

"Siri ni zile dhambi. Kuanza si siri." Akafikiri kidogo. "Haya. Ijumaa nitasimama nyuma yako. Nikutazame kwa mbali unavyopiga magoti, nami nipige hivyo hivyo."

"Mimi huwa wa mwisho, mzee. Ninasimamia watu."

"Basi na mimi nitakuwa wa mwisho zaidi."

Mectilda alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Aliinama akamimina, na Cornel aliona bega lake limesimama katikati ya kumimina. Mkewe alijua kwamba haungami, na kwa nini. Miaka tisa alikuwa amejua, na ndani ya nyumba ile walikuwa wamejifunza kulizunguka jambo hilo kama mnavyolizunguka jiwe lililo katikati ya ua.

Jiwe lenyewe ni hili. Zamani kwa Wairaqw, watu wa huku kwetu, binti akipata mimba akiwa bado kwao hakuruhusiwa kujifungulia chini ya paa la baba yake. Alitolewa. Alitafutiwa pa kukaa mbali, na watu waliogopa hata kupita mlangoni pake, wakisema ataleta mkosi kwenye mashamba na mifugo. Mwalimu Cornel aliipiga vita mila hiyo kanisani kwa ngumi mezani. Alisema Kristo ameimaliza, alisema mtoto yeyote ni wa Mungu, na mara mbili alikwenda yeye mwenyewe kuwabembeleza wazazi wampokee binti yao. Watu walimheshimu sana kwa hilo.

Halafu Ernestina, binti yake, miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha nne, anasubiri chuo, akaja na mimba. Kijana mwenyewe alizima simu akahamia Babati. Na Mwalimu Cornel hakutaja mila hata kidogo, wala. Alitaja kashfa. Alisema, "Nitasimamaje mbele ya watoto wa watu?" Alisema aende kwanza kwa shangazi yake Gitting, kule chini ya Mlima Hanang, mpaka mambo yatulie. Akamtoa asubuhi na mapema, kabla majirani hawajakwenda kuchota maji, na begi moja. Alikuwa ameifuata mila ile ile hatua kwa hatua, ila aliivalisha koti la kanisa. Shangazi akafariki mwaka uliofuata, binti akahamia Dongobesh na mtoto wake akaanza kushona nguo. Mambo yalikuwa yametulia zamani. Hakuna aliyemwita arudi.

Dongobesh, ndugu yangu! Unapanda gari asubuhi, kahawa ya nyumbani bado iko tumboni, umefika.

Ijumaa ikaja na ukungu. Padre Maximilian alifika na pikipiki yake, amelowa mpaka kwenye soksi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano hivi, ana mwaka mmoja tu parokiani, mtu wa maneno machache. Akavaa stola, kile kitambaa kirefu cha shingoni, ya zambarau, juu ya jaketi, akakaa kwenye kiti. Cornel akapanga watu, arobaini na mmoja kwa hesabu ya macho. Akawatania wanakwaya. Akamshika mkono bibi mmoja kipofu mpaka kwenye gunia. Kila kitu kilikwenda kama kila mwaka, isipokuwa Mzee Hhando, aliyekaa juu ya jiwe na kofia magotini, akikataa kusogezwa.

"Mzee, wewe ni wa mbele."

"Mimi nina mtu wangu ninayemfuata."

Wakapiga magoti wote, wakainuka wote. Mvua nyepesi ikaanza. Walipobaki wawili tu, Cornel akamwendea akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, nenda. Padre amechoka, na anatakiwa kigango kingine."

"Ndiyo maana nasema nenda haraka," akasema Mzee Hhando, akasimama, akaegemea fimbo yake, akangoja.

Cornel alisimama pale na akili yake ikaanza kukimbia. Ilimpa njia upesi sana, na hilo ndilo lililomtisha baadaye alipofikiri. Utapiga magoti, ilimwambia. Utamwuliza padre habari za Jumapili ya Matawi, maandamano yaanzie wapi. Mzee yuko mbali, hasikii. Utafanya ishara ya msalaba, utainuka, utamwachia nafasi. Nani atajua?

Akaenda. Akapiga magoti kwenye gunia lake mwenyewe, na magoti yalishangaa kidogo. "Padre," akaanza kwa sauti ya chini, "kuhusu matawi. Tuanzie shuleni, au tuanzie pale kisimani?"

Padre Maximilian akamtazama kwa mshangao mdogo. "Kisimani pana matope. Shuleni."

"Na msalaba abebe nani?"

"Utachagua wewe, mwalimu. Kama kila mwaka."

Yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni kuinuka. Akageuza kichwa kidogo, kuona kama mzee anatazama vizuri.

Mzee Hhando hakuwa anatazama. Alikuwa amegeuka akawapa mgongo. Fimbo ameibana kwapani, kofia iko chini kwenye nyasi, kichwa kizee kiko wazi kwenye mvua, na vidole vyake viwili vikubwa vya kukamulia amevisokomeza masikioni mpaka mwisho. Amejiziba asije akasikia dhambi za mwalimu wake hata kwa bahati mbaya. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Ameziba masikio kwa heshima, na kilichokuwa kinasemwa ni habari za kisima.

Cornel aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alitaka kuinuka akamwambie mzee wa watu avae kofia yake, lakini akajikuta amemgeukia padre tena.

"Padre, nibariki," akasema.

Halafu maneno yakaisha. Mtu aliyewafundisha watu mia saba na zaidi namna ya kuungama, wakiwemo wawili ambao sasa ni masista, alifungua mdomo na hakukuta kitu. Akatafuta hatua inayofuata. Muda. Unataja muda.

"Ni miaka tisa," akasema.

Padre hakushtuka, au kama alishtuka hakuonyesha. Alisogeza kiti karibu. Cornel akaanza na vidogo, hasira, uvivu wa sala, kuwasema walimu wa shule, na alivisema haraka kama anayepita mtaa asimotaka kusimama. Vikaisha. Padre akangoja. Mvua ikapiga bati la kanisa.

"Nilimtoa binti yangu nyumbani," Cornel akasema. "Alikuwa na mimba. Nilisema ni kwa ajili ya kanisa. Padre, mimi ndiye niliyekuwa nawakataza wengine."

"Anaitwa nani?"

Hilo tu ndilo aliloulizwa. Na hebu fikiria, jina hilo Cornel hakuwa amelitamka kwa sauti tangu siku ile ya begi. Alipolisema, lilitoka na kilio, kilio cha mwanaume mzee ambacho hakina mpango, mabega yanaruka, kamasi zinashuka kwenye koti la kahawia. Padre Maximilian alimwacha alie.

"Nilikuwa nasahau, padre. Sikuwa namchukia. Kila mwaka nilisema mwaka huu, halafu nikawa sisemi tena. Mpaka nikaona ndivyo ilivyo."

"Najua," padre akasema. "Malipizi yako ni kwenda kwake kabla ya Jumapili ya Matawi. Maneno ya kumwambia sikupi, mwalimu. Maneno unayo mengi mno."

Akamwondolea dhambi. Cornel akainuka, akamfuata mzee, akamgusa bega, na ilimbidi amguse mara mbili kwa sababu masikio yalikuwa yamezibwa barabara.

Mzee Hhando akageuka, akavitoa vidole, akavikunja na kuvikunjua. "Mwalimu," akasema, "vimekufa ganzi. Nilidhani wewe utakuwa mfupi." Akauona uso wa mwalimu. Akaokota kofia yake, akaipiga kwenye paja maji yatoke, akaenda kupiga magoti.

Sasa ungedhani asubuhi yake Cornel alipanda gari. Wapi! Jumamosi maharage yalikuwa na magugu. Jumapili ibada. Jumatatu jumuiya, Jumanne kuna mgonjwa, na kweli alikuwepo mgonjwa. Kila jioni alijisikia mwepesi, amesamehewa, anaimba hata kwenye zizi, na kila jioni safari ilisogea mbele siku moja bila kelele. Alikuwa amerudi kwenye usingizi wake ule ule, sasa akiwa na furaha juu yake, na hakujua.

Jumatano Mzee Hhando akapanda tena kilima.

"Malipizi yangu nimemaliza jana," akasema baada ya salamu. "Wewe?"

"Mzee, hayo hatuulizani."

"Siulizi ni nini. Nauliza kama umemaliza. Mimi nilipewa jambo gumu, mwalimu. Nililala nalo siku tatu. Nikaona likizidi kulala ndani, litaota mizizi, nami sina meno ya kung'oa. Nikaenda." Akanywa maziwa yake. "Nilidhani wewe umemaliza siku ile ile, wewe si mzoefu?"

Mzee alipoondoka, Cornel alibaki amekaa pale pale uani, ameshika kikombe kitupu, anajiona kama mtu aliyeamshwa mara mbili asubuhi moja. Alipoingia ndani alimkuta Mectilda anakoka moto.

"Kesho nakwenda Dongobesh," akasema.

Mkewe hakugeuka haraka. Aliweka kuni moja, akaweka nyingine. "Kwa nani?"

"Kwa Ernestina."

Mectilda akajifuta macho kwa kanga, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho. "Anakaa nyuma ya duka la mama Rukia, karibu na stendi," akasema. "Nimekuwa nikienda. Kila niliposema nakwenda gulioni."

"Nilijua."

"Najua ulijua." Akapuliza moto. "Baba Ernestina, vaa soksi nzito. Dongobesh kuna upepo."

Alhamisi asubuhi akashuka stendi ya Dongobesh na mfuko wa maharage na kuku mmoja wa kienyeji aliyefungwa miguu. Njiani alikuwa ametunga hotuba, ina sehemu tatu kama mahubiri yake yote, na karibu na Dongobesh akakumbuka alichoambiwa na padre, akaiacha. Akauliza duka la mama Rukia. Alimkuta mwenyewe kaketi kati ya magunia ya mchele, mama mnene wa Kiislamu mwenye miwani, midomo imekauka kwa funga ya Ramadhani. Cornel akasalimia, akasema anamtafuta Ernestina fundi.

Mama Rukia akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe ni baba yake."

"Ndiyo."

"Mnafanana kuanzia paji la uso." Hakutabasamu. "Mtoto wako alikuja hapa na kichanga mgongoni, anaomba mahali kibarazani pa kuweka cherehani. Mimi si ndugu yake, wala dini si moja. Mwaka wa nane huu namngoja mwanaume wa kwao apite hapo mlangoni, nimwambie nilichonacho." Akavuta pumzi. "Lakini nimefunga leo, sitaki kuharibu swaumu yangu. Una bahati." Akageuka upande wa ua akaita kwa sauti, "Mectilda! We Mectilda! Mwambie mama yako ana mgeni!"

Cornel akashtuka, akadhani mkewe amemfuata. Kumbe akatokea mtoto wa kike, miaka minane, sare ya shule imebanwa vizuri kiunoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Akaona mzee mgeni, akainamisha kichwa. "Shikamoo, babu," akasema, kama anavyosema mtoto yeyote kwa mzee yeyote.

"Marahaba," Cornel akasema, na zaidi ya hapo hakuweza.

Ernestina alikuwa kwenye chumba cha nyuma, mbele ya cherehani, anashona magauni ya Pasaka na ya Idi kwenye rundo moja. Alikuwa amenenepa kidogo na amekuwa mtu mzima. Alimwona baba yake mlangoni na mguu wake ukasimama kwenye pedeli.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sababu adabu hutoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Hakuna aliyemwambia akae, akabaki amesimama na kuku. "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikutoa kwetu kama wapagani walivyofanya, nikaliita jambo la Mungu. Halafu nikakaa. Hicho cha kukaa ndicho kibaya zaidi. Sina la kujitetea."

Alisema hivyo tu. Kwake hayo yalikuwa mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa.

Ernestina aliugeuza mshono wake chini ya sindano. Alipofungua mdomo hakupandisha sauti, na Cornel alitamani angepandisha.

"Unajua mimi naungama nini kila Kwaresima, baba? Chuki. Kwamba namchukia baba yangu. Mwaka wa kwanza nilisema, padre akaniambia niombe. Mwaka wa pili nikarudi nikasema hilo hilo. Wa tatu. Wa nne. Padre mmoja aliniambia, binti, hili tena? Nilimwambia ndiyo padre, hili tena, bado lipo. Miaka yote nimepigana nalo peke yangu kwenye ile foleni, nikidhani na wewe huko uliko unapigana na lako." Akakata uzi kwa meno. "Ulikuwa unapigana, baba?"

"Hapana," Cornel akasema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napanga watu."

Ernestina akacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha, kisha machozi yakamshinda akainamia cherehani. "Mwaka huu sijakwenda," akasema kwenye kitambaa. "Nimechoka. Nilisema siendi tena, wala kanisani siendi. Nikasema kama mwalimu mwenyewe amelala, mimi ninakesha kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo Cornel alipojua alichokuwa amekichezea. Si jina lake, wala ukatekista wake. Alikuwa amelala mlangoni, na mtoto wake alikuwa anazimika ndani taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila yeye kusikia. Akaweka kuku chini. Akapiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji, kwenye vipande vya vitambaa na uzi, mbele ya binti yake, jambo ambalo baba wa Kiiraqw halifanyi, na hakujali kama mama Rukia anachungulia. Na alikuwa anachungulia.

"Inuka, baba," Ernestina akasema haraka, kwa hofu. "Inuka, si vizuri."

Hakuinuka. Ikabidi amshike kiwiko amwinue mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza walipogusana. Akampa kigoda. Akatoka, akarudi na beseni na birika, akamnawisha mikono, akamwekea makande.

"Sijakusamehe," akasema alipokuwa akimimina maji. "Nisikudanganye. Nataka, lakini sijafika huko."

"Nitasubiri, mwanangu. Hata ikiwa ni miaka."

"Usisubiri!" Sasa alipandisha sauti, na birika likagonga beseni. "Kusubiri ndiyo kazi uliyofanya. Usikae huko kwako unasubiri, ukazoea na hilo. Njoo. Nikinuna, njoo. Nisipokusalimia vizuri, njoo."

"Nije lini?"

Ernestina akafikiri, akifuta macho kwa kiganja.

"Jumamosi," akasema. "Na uje na mama, aje mchana kweupe, aache kudanganya kwamba anakwenda gulioni."

Cornel akaitikia. Akala makande yake yote, mtoto Mectilda akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja, anamtazama babu huyu asiyemjua anavyotafuna huku analia. Jumamosi walikuja wawili. Ernestina hakumsalimia vizuri. Jumanne iliyofuata Cornel alikuja tena.